Mgeni wa Kulipa Si Aibu

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, tukapewa alama zetu na kusahau. Leo naomba tuitazame tena, sisi watu wa Griftu, kwa sababu nyumbani kwetu imeleta ubishi ambao mpaka sasa haujaisha.

Maoni yangu nayatoa mapema ili nisikuzungushe. Mtu akijenga nyumba ndogo yenye jiko, maji na kufuli, akaikodisha kwa watu wanaokuja siku mbili tatu na kujipikia wenyewe, hajafanya jambo la aibu hata kidogo. Amefanya biashara ya halali. Tena ni biashara inayoweza kutusaidia wengi tuliobaki bila mifugo.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Hakuna mwanafunzi wa hapa asiyejua mizoga ilivyolala kando ya barabara. Ng'ombe wetu waliisha wote. Baba akauza ngamia wawili waliobaki, akajenga vyumba viwili vya mawe nyuma ya boma, na jiko dogo pembeni. Mama akasema tusitafute mpangaji wa mwezi, bali tuwakodishie wageni kwa usiku. Lo! Hapo ndipo moto ulipowaka.

Nyanya yangu, ambaye sisi humwita ayeyo, aliweka kikombe chake cha chai chini. "Mwanangu," alimwambia mama, "tangu lini mgeni akatozwa pesa kwa kulala? Kesho mtamtoza na maziwa?" Mama alinyamaza kwa heshima. Mimi pia nilinyamaza, lakini nimekuwa nikifikiria jibu tangu siku hiyo.

Simdharau ayeyo. Yeye alikulia nyikani. Huko mtu anayetembea na ngamia akiishiwa maji, boma la kwanza analoliona ndilo uhai wake. Ukimfukuza leo, kesho ni wewe utakayekuwa njiani na midomo imekauka. Kwa hiyo ukarimu ule haukuwa upole tu. Ulikuwa kama akiba ambayo kila mtu anaweka kwa mwenzake. Mtu wa namna hiyo akibisha kwetu hata usiku wa manane, atapewa mkeka, maziwa na chakula, na hatadaiwa senti. Huyo ni mgeni wa Mungu.

Lakini je, kila anayefika Griftu ni mgeni wa namna hiyo? Mji wetu ndio makao makuu ya kaunti ndogo ya Wajir Magharibi. Wanakuja madaktari wa mifugo, wasimamizi wa mitihani, mafundi wa visima, na watu wa sensa kama ile ya mwaka 2019. Wengi wao wamepewa na mwajiri marupurupu ya kulala nje. Pesa hizo zimekusudiwa malazi. Asipopata mahali pazuri hapa, anawasha gari saa kumi jioni na kurudi Wajir mjini, na pesa zinarudi naye. Sasa hapo nani amepona? Si mgeni, si mwenyeji.

Hata dini yetu inafundisha kwamba haki ya mgeni kukirimiwa ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka. Waswahili nao husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. (Sisi wafugaji labda tungempa fimbo akachunge mbuzi!) Fundi anayekuja kukaa wiki nzima hataki sadaka wala fimbo. Anataka ufunguo.

Pengine utaniuliza, bwana, kwa nini nyumba ya kujipikia? Si afadhali hoteli? Hapana. Kwanza, hoteli inahitaji mpishi, wahudumu, na nyama inayoharibika kwa joto letu hili. Nyumba inahitaji jiko, sufuria mbili, sahani na kisu. Pili, watu hawali chakula kimoja. Mwalimu kutoka bara anataka ugali wake na sukuma wiki, mwingine ana kisukari, mwingine ana mtoto mchanga wa kuchemshiwa uji. Tatu, mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi hufungwa mchana. Asiyefunga anaweza kupika kwa siri yake bila kumkwaza mtu, na anayefunga ataamka na kupika daku yake mwenyewe.

Sasa tufanye hesabu kama tunavyofundishwa katika somo la Biashara. Tuseme mpangaji wa mwezi anatoa shilingi 4,000 na anajinunulia maji. Mgeni wa usiku anatoa 1,000. Kila usiku unatumia 300 kwa maji, mkaa na sabuni, kwa hiyo zinabaki 700. Msichana wa kufua mashuka na kufagia unamlipa 1,500 kwa mwezi. Wageni wakilala usiku saba, unabaki na 3,400. Umepata hasara ukilinganisha na mpangaji. Wakilala usiku nane, unabaki na 4,100. Usiku wa nane ndio unaoamua. Wakilala kumi na tano, una 9,000, na karo imepatikana. Kwa hiyo anayetaka kuanza asiulize tu, "Nitatoza ngapi?" Aulize kwanza, "Nitapata usiku wa nane kila mwezi?" Kama hawezi, heri ampangishe mtu wa mwezi alale usingizi.

Nakiri kwamba biashara hii ina miiba, na mwiba wa kwanza nilikuwa mimi. Kazi yangu ilikuwa kuita mkokoteni wa punda ulete jerikeni za maji kabla mgeni hajafika. Siku moja nilibaki uwanjani nikicheza kandanda. Mgeni wetu, mama mmoja wa makamo, alifika magharibi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akafungua pipa na kukuta matope ya chini. Hakupiga kelele. Alilala, akalipa, akaenda zake. Hajarudi tena mpaka leo. Usiku ule ndio nilioelewa aibu iko wapi. Kumtoza mtu si aibu. Aibu ni kumtoza mtu na usimpe ulichomwahidi.

Mwiba wa pili ni usalama. Baada ya mashambulizi ya mwaka 2014 kule Mandera na ya 2018 katika kaunti yetu, walimu wengi wasio wenyeji waliomba uhamisho, na shule nyingi zikabaki na mapengo. Mgeni huuliza habari za usalama kabla ya kuuliza bei. Mwenye nyumba naye lazima ajue anamlaza nani. Mwanzoni mwa mwaka 2024 wanawake vijana waliuawa katika nyumba za kukodi za muda mfupi jijini Nairobi, na serikali ikawataka wenye nyumba hizo wajisajili. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 inazihesabu nyumba kama hizi pamoja na hoteli. Basi tuwe na daftari: jina, nambari ya kitambulisho, siku ya kuingia na ya kutoka. Si udaku, ni ulinzi.

Mwiba wa tatu nilisimuliwa na abti, ndugu yake mama, aliyewahi kutunza nyumba ya wageni Lamu. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, na watalii hukodi zile nyumba za mawe ya matumbawe, wakanunua samaki sokoni na kupika. Biashara ilinoga. Kisha mwaka 2011 watalii walitekwa nyara Kiwayu na Manda, mwaka 2014 likaja shambulio la Mpeketoni, na mwaka 2020 korona ikasimamisha ndege. Kila mara nyumba zilikaa tupu. Abti anasema waliomtegemea mtalii peke yake waliumia zaidi. Tena nyumba nyingi za kale kule zilinunuliwa na watu wa Ulaya, na mwenyeji akabaki kushika ufagio katika nyumba ambayo pengine ilijengwa na babu yake. Mimi najifunza mawili: tusingoje mtalii wakati tuna mwalimu na daktari wa mifugo, na nyumba zibaki mikononi mwetu.

Wanafunzi wenzangu, tusiseme kwamba Griftu hakuna biashara. Na nyinyi walimu wetu mliotoka mbali, mnajua vizuri kuliko mimi mlilala wapi usiku wenu wa kwanza hapa, na kama mlipata maji ya kuoga.

Kwetu nyumbani tumeafikiana hivi: pesa za wageni wa kulipa zinalipa karo, na sehemu ndogo inanunua sukari, majani ya chai na unga wa kuwakirimu wageni wa Mungu. Ayeyo bado anasema dunia imeharibika. Lakini jioni mgeni akitarajiwa, yeye ndiye wa kwanza kuniita: "We kijana, pipa limejaa?"

Siku hizi huwa limejaa.