Darubini ya bunduki na chumvi ya Pwani

Mkazi wa Watamu hahitaji kuelezwa jinsi chumvi ya bahari inavyokula bawaba za dirisha. Chumvi hiyo hiyo huzikabili silaha za askari waliopelekwa Lamu katika operesheni ya msitu wa Boni iliyoanza mwaka 2015.

Darubini ya bunduki ambayo ukuzaji wake hubadilishwa, tuseme kutoka mara 1 hadi 8, humwezesha askari kumlenga adui aliye karibu kichakani, kisha kumtambua mtu aliye mbali ufuoni kabla ya kufyatua. Huenda mtu huyo ni mvuvi tu. Wanamaji wa Marekani, yaani Marine, walichagua darubini ya aina hiyo mwaka 2020. Hata hivyo, ni wao hao waliosumbuliwa na darubini za mara 3 hadi 9 katika joto na unyevu wa Vietnam, wakahamia zenye ukuzaji mmoja wa mara 10.

Sababu yaeleweka: kila sehemu inayozunguka huhitaji mpira wa kuzuia maji, na mpira huchakaa. Kwa hiyo wanunuzi wa silaha wazijaribu ufuoni, masika nzima, wala si Nairobi.