Pesa za KRA usizozitarajia: haki yako au chambo?

Kila msimu wa kujaza ritani unapokaribia, ujumbe wa aina moja huanza kuzunguka kwenye simu za watu wa Pwani. Unasema kwamba Mamlaka ya Ushuru, KRA, imekagua hesabu zako na kuona kuwa ulikatwa kodi kupita kiasi. Kuna maelfu ya shilingi yanakusubiri. Bonyeza hapa, jaza jina, nambari ya kitambulisho na PIN, pesa ziingie kwenye simu leo hii.

Wanaoupokea hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hubonyeza, kwa sababu karo imekaribia na kodi ya nyumba haijalipwa. Kundi la pili hucheka na kuufuta: serikali hii irudishe pesa, tangu lini? Kundi la kwanza linaibiwa na matapeli, hilo twalijua. La pili nalo huenda linapoteza pesa zake halali, tena pengine nyingi, na hilo hatulizungumzi. Marejesho ya kodi yapo kisheria, na wafanyakazi wa hoteli za Pwani ni miongoni mwa Wakenya wanaoweza kuyadai kwa haki kabisa.

Kwa hivyo tusianze kwa kuuliza kama ujumbe ni wa kweli. Tuanze na hili: je, wewe mwenyewe uliomba?

Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inasema kwamba mtu aliyelipa kodi ya mapato kupita kiasi anaweza kuomba arudishiwe, na inampa miaka mitano ya kufanya hivyo. Neno la kushika hapo ni kuomba. Mfanyakazi hujaza ritani yake ya mwaka kwenye mtandao wa iTax, na hesabu ikionyesha kwamba alikatwa zaidi, hupeleka ombi la kurejeshewa humo humo na kutoa akaunti ya benki. KRA huweza kumtaka alete fomu ya P9 na stakabadhi nyingine. Ombi huchunguzwa kwa muda, na sheria yenyewe inaipa mamlaka hiyo miezi ya kulitolea uamuzi. Marejesho ya kweli basi yana alama tatu: uliyaomba, yamechelewa, na yanakwenda kwenye akaunti uliyoitaja wewe. Ujumbe wa tapeli ni kinyume cha yote matatu.

Sasa tuangalie kwa nini watu wetu huwa na haki ya marejesho haya bila kujua.

Kodi ya mshahara, yaani PAYE, hukatwa kila mwezi kana kwamba utafanya kazi miezi yote 12. Kwa mapato ya mwaka 2024, shilingi 24,000 za kwanza za mwezi zilitozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zilizofuata asilimia 25, na zilizozidi hapo asilimia 30 kwa mishahara ya kawaida. Kisha kila mfanyakazi hupunguziwa shilingi 2,400 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni 28,800. Lakini kodi yenyewe, kwa mujibu wa sheria, ni ya mwaka mzima. Ya kila mwezi ni makadirio tu yanayolipwa njiani.

Hapa ndipo msimu unapoingia. Kuanzia Diani hadi Nyali, Watamu hadi Malindi, kusi likianza kuvuma na mvua za masika zikinyesha, wageni hupungua. Hoteli nyingine hufungwa, nyingine hupeleka wafanyakazi likizo bila malipo hadi wageni warudi.

Tuchukue mfano wa mpishi ambaye mshahara wake unaotozwa kodi, baada ya makato yanayoruhusiwa, ni shilingi 45,000, na ambaye katika mwaka ule alifanya kazi miezi saba pekee. Kila mwezi alikatwa PAYE ya takriban shilingi 5,883. Kwa miezi saba hiyo ni kama 41,183. Lakini mapato yake ya mwaka mzima yalikuwa 315,000. Kodi ya mwaka juu ya mapato hayo ni 35,550, na ukitoa ile nafuu ya 28,800 inabaki 6,750. Amekatwa 41,183 na alichopaswa kulipa ni 6,750. Tofauti ni zaidi ya shilingi 34,000.

Hizo si pesa za msaada wala za bahati nasibu. Ni jasho lake. Na hakuna ujumbe wa simu utakaomwambia habari zake. Ataziona tu akijaza ritani yake sawasawa.

Wapo na wengine wanaoweza kujikuta katika hali hiyo: aliyeachishwa kazi katikati ya mwaka, aliyelipa bima ya maisha au ya elimu ambayo mwajiri hakuihesabu, na mtu mwenye ulemavu aliye na cheti cha msamaha wa kodi lakini akaendelea kukatwa. Kwa upande wa pili, mtu ambaye mshahara wake unaotozwa kodi haukuzidi 24,000 kwa mwezi hakukatwa PAYE hata senti, kwa sababu nafuu ya 2,400 huifuta yote. Akipokea ujumbe kwamba KRA inamrudishia PAYE, ajue jibu papo hapo. Hakuna aliyechukua, basi hakuna wa kurudisha. Na aliyekuwa na waajiri wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja akimpunguzia 2,400, asherehekee polepole. Huenda yeye ndiye anayedaiwa.

Matapeli wanafaulu kwa sababu wanajua mambo haya nusu nusu kama tunavyoyajua sisi. Wanajua watu wamekatwa sana miaka hii. Mahakama Kuu ilipoamua Novemba 28, 2023 kwamba tozo ya nyumba ilikiuka katiba, wengi waliuliza ni lini watarudishiwa walichokatwa. Badala yake Bunge lilipitisha sheria mpya, ikaanza kazi Machi 2024, na asilimia 1.5 ikaendelea kukatwa. Mtu anayehisi kwamba anadai serikali yuko tayari kumwamini yeyote anayemwambia kwamba deni limekubaliwa. Mwizi hahitaji kubuni tamaa. Anatumia malalamiko ya haki yaliyopo tayari.

Anatumia pia neno moja tu: PIN. PIN ya KRA ni nambari ya utambulisho; kwa mtu binafsi huanza na herufi A, hufuatwa na tarakimu tisa na kumalizikia kwa herufi nyingine. Unaweza kumpa mwajiri au benki bila kuhatarisha pesa zako. PIN ya M-Pesa ni siri ya tarakimu nne, na anayeijua anaweza kukomba kila kilichomo. Vitu viwili tofauti, jina moja. Mama mzee anapoulizwa "PIN yako" na kijana mwenye sauti ya ofisini, ni rahisi kutaja isiyofaa kutajwa. Wazee wetu waambiwe waziwazi: hakuna afisa wa KRA, wa benki wala wa Safaricom anayehitaji PIN yako ya M-Pesa kwa lolote lile.

Mbinu nyingine ni ya kudai ada. Unaambiwa marejesho yako yako tayari, ila ulipe kwanza shilingi mia chache za kushughulikia. Marejesho ya kodi hayana ada ya kuyafungua. Kama KRA inakudai, sheria inairuhusu kukata deni humo humo ndani ya marejesho, na kijana aliyekaa miaka kadhaa bila kujaza ritani huenda akakuta faini za shilingi 2,000 kwa kila mwaka zinamsubiri. Lakini hakuna anayekupigia akutake utume pesa ili utumiwe pesa.

Ukiletewa anwani ya mtandao, isome kabla ya kuigusa. Tovuti za serikali ya Kenya huishia na go.ke, na iTax iko kwenye itax.kra.go.ke. Anwani yenye herufi za KRA katikati na mwisho tofauti ni ya mtu mwingine. Njia salama zaidi ni kutobonyeza chochote: fungua iTax mwenyewe na uangalie daftari lako. Kama una marejesho, yatakuwa humo. Kama hayamo, hakuna ujumbe unaoweza kuyaumba.

Je, pesa zikiingia kweli kwenye akaunti, nawe hukuomba? Hapo wengi husema alhamdulillahi na kuanza matumizi. Ni vyema kusita. Huenda kuna mtu aliyeomba kwa jina lako.

Tuseme ukweli kuhusu maduka yetu ya kompyuta, yale tunayoyaita saiba. Yametusaidia mno, bila hayo wengi wasingekuwa na PIN kabisa. Lakini hebu fikiria tunavyoyatumia. Mwisho wa Juni tunapanga foleni, tunampa kijana kitambulisho na nenosiri, na kumwambia, "Nifailie nil, nina haraka." Yeye huweka barua pepe yake na wakati mwingine nambari yake ya simu kwenye akaunti yetu ya iTax, kwa sababu ndivyo ilivyo rahisi. Kuanzia siku ile, taarifa za KRA zinazokuhusu zinamfikia yeye.

Madhara yake ni mawili. Kwanza, ritani ya nil ni ya mtu asiyekuwa na mapato. Mpishi wetu wa miezi saba akifailiwa nil, ametoa taarifa isiyo ya kweli na papo hapo amezika shilingi zake 34,000. Habari njema ni kwamba ritani inaweza kurekebishwa. Pili, wapo wanaowaahidi watu marejesho makubwa kwa kugawana. Wanaongeza bima isiyokuwepo au msamaha usiokuhusu, na fungu lao wanalichukua mapema. KRA ikigundua, sheria inamruhusu Kamishna kuzidai upya pesa zilizotoka kimakosa, na anayedaiwa ni mwenye PIN. Aliyekujazia hatajulikana alipo.

Kwa hivyo ukiona pesa usizozielewa, usizitumie kwanza. Ingia iTax uone ni ombi gani lililojibiwa, au nenda Huduma Centre na kitambulisho chako uulize. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi inaweza pia kuja bila habari, na hiyo ni hatari vilevile.

Kuna mwingine wa kuulizwa katika jambo hili, naye ni mwajiri. Ombi la marejesho husimama juu ya P9, na P9 hulinganishwa na taarifa ambazo mwajiri amepeleka KRA. Mwajiri akikata PAYE kwenye hati ya mshahara lakini asiiwasilishe, au akichelewesha P9 hadi Juni inakwisha, mfanyakazi ndiye anayeambiwa kwamba hesabu zake hazioani. Mfanyakazi wa msimu hana nguvu ya kulifuata hilo peke yake, hasa akiwa anaomba kuitwa tena wageni wakirudi. Hili ni jukumu la chama cha wafanyakazi wa hoteli, KUDHEIHA. Kama chama kinaweza kukata ada ya uanachama kila mwezi, kinaweza pia kuweka meza moja Diani na moja Malindi kabla ya Juni 30, mtu alete P9 yake aonyeshwe mstari wa mwisho wa hesabu unasema nini.

KRA nayo haiwezi kujitoa lawamani kwa kutoa tahadhari dhidi ya matapeli tu. Lugha ya iTax ni Kiingereza cha wahasibu. Kampeni zake kwa mwananchi wa kawaida zinasisitiza kulipa na tarehe ya mwisho. Habari za kurudishiwa husikika kwa nadra. Mtu ambaye hajawahi kufundishwa marejesho ya kweli yanafananaje atayatambua vipi ya bandia? Nafasi ambayo ofisi haikuijaza kwa maelezo, tapeli ameijaza kwa ujumbe wa simu.

Mpaka hayo yatakapobadilika, kila mmoja afanye analoweza. Badilisha nenosiri lako la iTax na uhakikishe kuwa barua pepe na simu zilizomo ni zako. Mdai mwajiri P9 mwanzo wa mwaka. Ukimwendea kijana wa saiba, kaa kando yake, soma anachokijaza, usiondoke bila nakala. Ujumbe wa utapeli ukikufikia kwa laini ya Safaricom, uusambaze bure kwa 333 ili nambari hiyo ichunguzwe. Na kama mwaka jana ulifanya kazi miezi michache tu, usisubiri mtu akuandikie kwamba una pesa. Piga hesabu mwenyewe, kisha uzidai.