KIJANA, NJAA YAKO NDIYO MTAJI WAO!

Ndugu yangu wa kijiweni, weka chini hicho kikombe cha kahawa unijibu. Ukiugua leo, au mgambo wakivunja kibanda chako kesho alfajiri, nyumbani kwako watakula siku ngapi? Kama jibu ni "mpaka kesho kutwa", basi una kura lakini uhuru huna.

Tazama Muyama, milimani Buhigwe, jirani na mpaka wa Burundi, kule kulikokuwa Kasulu kabla wilaya haijagawanywa. Mama wa kule hauzi maharage yote yanapovunwa. Hutenga ya kula na ya mbegu, ndipo yanayobaki yaende sokoni. Muhogo anauacha ardhini. Mahindi yakikataa, shamba lenyewe ndilo benki. Bei ya kahawa ikianguka, watoto bado wanakula.

Hekima hiyo ina historia chungu. Mkoloni alidai kodi kwa fedha taslimu, na Muha asiye na shilingi akaishia kukata mkonge Tanga. Manamba! Binadamu aliitwa kwa namba, si kwa jina alilopewa na baba yake. Hakuwa mvivu, ila siku ya kodi ilimkuta mikono mitupu. Mkoloni alijua kwamba mwenye njaa hapangi bei ya jasho lake.

Wakubwa wa leo nao wanajua. Mwaka 2018 wamachinga waliuziwa vitambulisho kwa Sh 20,000, wakaambiwa hakuna atakayewagusa. Mwishoni mwa 2021 wakafagiliwa barabarani. Julai mwaka huo huo soko la Kariakoo liliungua usiku, na tozo za miamala ya simu zikaanza kukatwa. Mapigo matatu ndani ya miezi michache! Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri nayo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024. Tumbo gani linasubiri zaidi ya mwaka?

Halafu unakuja uchaguzi. Mwaka 2000 waliihalalisha takrima kwa sheria, mpaka Mahakama Kuu ilipoitupa mwaka 2006. Sheria ilikufa, mchezo ukabaki. Lakini mwenye gunia la mahindi uvunguni utamnunuaje kwa sahani ya pilau na fulana?

Usiniambie kipato ni kidogo. Shilingi 500 kwa siku ni Sh 182,500 kwa mwaka. Anza na chakula: msimu wa mavuno bei ikiwa chini, changeni wawili au watatu mnunue gunia, mkaushe vizuri, mfunge vizuri. Kisha fedha ya dharura usiichanganye na mtaji. Moto au mgambo wakichukua mzigo, hiyo ibaki. Jiunge na kikundi ambacho sanduku lina kufuli tatu, na kila ufunguo uko kwa mtu wake, hesabu ikisomwa mbele ya wote. Ugonjwa na msiba havipigi hodi.

Na uwaogope kausha damu kama mkulima anavyomwogopa dumuzi: gunia kwa nje limejaa, ndani unga mtupu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 ya mikopo ya simu yasiyo na leseni. Upatu nao ni ndugu yake. DECI iliposimamishwa mwaka 2009, makabwela wangapi waliachwa na risiti mkononi?

Najua wapo watakaosema nawafundisha walalahoi kujibana ili vigogo waendelee kula kwa raha. La hasha! Maji, dawa na mikopo ya vijana ni deni la Serikali, na deni hilo lazima lilipwe. Lakini deni hudaiwa na mtu aliyesimama. Anayeshinda akitafuta ugali wa leo hana nafasi ya kwenda mkutano wa mtaa kuuliza asilimia 10 imekwenda kwa nani. Na akienda, anaogopa kuuliza, maana anayemwuliza ndiye anayegawa vibanda.

Kwa hiyo, kijana, kabla hujapiga kelele za mageuzi jukwaani, chungulia uvunguni mwa kitanda chako. Kama pako wazi, mageuzi yako yaanzie hapo, leo!