Viroboto wamerudi? Usikimbilie dawa ya pamba

Familia nyingi za Katoro na Kahama zinaijua hali hii. Baba yuko machimboni, labda Rwamgasa au Nyarugusu, na mama amechukua watoto kwenda kijijini kusaidia mavuno. Nyumba inafungwa miezi miwili, mbwa anaachwa kwa jirani. Siku ya kurudi mlango unafunguliwa, watoto wanaingia mbio, na kabla maji ya chai hayajachemka kila mtu anajikuna miguu. Viroboto! Wametoka wapi, wakati nyumba ilikuwa haina mtu wala mbwa?

Lawama huanza hapo. Jirani anaambiwa hakumtunza mbwa, paka anafukuzwa kwa ufagio, na muuza dawa anaitwa tapeli. Mwishowe mtu anakumbuka kuna chupa ya dawa ya pamba iliyobaki msimu uliopita, ipo uvunguni. Kero ya kuwashwa inaweza kugeuka msiba kuanzia hapo.

Adui yuko sakafuni

Kiroboto unayemwona juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Jike akishakunywa damu anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo hayanati kwenye manyoya. Huanguka popote mbwa au paka anapolala: kwenye gunia la mlangoni, uvunguni, kwenye kochi, katika nyufa za sakafu.

Mayai huanguliwa na kuwa mabuu wadogo wanaokimbia mwanga. Hujificha kwenye vumbi na kula kinyesi kikavu cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu tupu. Kisha kila buu hujifunga ndani ya kifuko kidogo kinachonasa vumbi, kiasi kwamba huwezi kukitofautisha na uchafu wa kawaida.

Ndani ya kifuko hicho kiroboto anaweza kungoja miezi kadhaa bila kula. Anachongoja ni dalili kwamba chakula kimefika: sakafu kutikisika kwa hatua za watu, joto la mwili na pumzi. Ndiyo maana nyumba iliyofungwa "hulipuka" viroboto siku wenyewe wanaporudi. Jirani hana kosa. Walikuwa humo humo, wakisubiri.

Kwa nini dawa huonekana feki

Dawa nyingi za kupuliza huua viroboto wakubwa na baadhi ya mabuu, lakini hazimfikii aliye ndani ya kifuko. Wiki mbili baada ya kupuliza, wale waliokuwa wamefichwa wanatoka, na familia inaamini imeuziwa dawa feki. Inanunua kali zaidi, kisha kali kuliko hiyo.

Mara nyingi dawa ilifanya kazi yake. Kilichokosekana ni kusafisha sakafu na kurudia kwa wakati. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa viroboto, ufa wenyewe ndio nyumba yao.

Chupa ya uvunguni

Shinyanga na Geita ni nchi ya dhahabu, lakini pia ni nchi ya pamba na ng'ombe. Kwa hiyo sumu za shambani na za josho haziko mbali na mlango wa nyumba. Dawa ya pamba imetengenezwa kwa ajili ya shamba lililo wazi, si kwa godoro la mtoto. Baadhi ya dawa hizo hushambulia mishipa ya fahamu ya binadamu kama zinavyoshambulia ya mdudu. Mtoto anayetambaa hugusa sakafu, kisha hutia vidole mdomoni. Na dawa iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda, mtoto huiona ni soda.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo ina kipimo cha ng'ombe, si cha mbwa. Paka ndiye aliye hatarini zaidi: permethrini, iliyomo katika dawa nyingi za mbwa na za kupuliza, inaweza kumuua. Oil chafu na mafuta ya taa huunguza ngozi, na mnyama hujilamba na kumeza sumu.

Mtu aliyepatwa na sumu ya aina hii anaweza kutoka jasho na mate mengi, kutapika, kutetemeka, kuwa na mboni ndogo za macho na kupumua kwa shida. Mvue nguo zilizolowa dawa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, usimtapishe, na mkimbize kituo cha afya. Chukua chupa au lebo ya dawa uende nayo, kwani mganga anahitaji kujua ni sumu gani.

Kazi ya kufanya, wiki kwa wiki

Anza na malazi. Toa nje mikeka, magodoro, mablanketi na magunia anayolalia mbwa, vyote kwa siku moja. Kinachofulika kifuliwe kwa maji ya moto na sabuni kila wiki. Kisichofulika kianikwe kwenye jua kali kutwa nzima na kugeuzwa. Mayai na mabuu hawastahimili ukavu, na jua la kiangazi cha Shinyanga ni dawa isiyouzwa. Gunia bovu lichomwe.

Fagia kila siku mbili, hasa uvunguni, kwenye pembe na kando ya kuta. Vumbi lisimwagwe nyuma ya nyumba. Lichomwe au lifukiwe mbali. Nyufa za saruji ziziybwe. Sakafu ya udongo isilibwe upya na iachwe ikauke vizuri, maana unyevunyevu huwapa mabuu uhai. Kazi hii husaidia pia dhidi ya funza, yule ndugu wa kiroboto anayeingia kwenye vidole vya miguu, kwani naye hukulia kwenye sakafu ya vumbi.

Usiku weka beseni la maji yenye sabuni sakafuni, na taa ndogo ya sola juu yake. Viroboto hufuata mwanga na joto, hurukia majini na kuzama. Mtego huu haumalizi tatizo, lakini hukuonyesha chumba kilichoathirika zaidi.

Ukihitaji dawa ya kupuliza, nunua iliyoandikwa kwamba ni ya ndani ya nyumba, fuata kipimo, toa watoto, wanyama na vyakula, na urudie kama lebo inavyoelekeza.

Mbwa na paka

Wanyama wote wa nyumba watibiwe siku ile ile. Ukimwacha mmoja, anawalisha viroboto wa wengine. Pitisha chanuo la meno membamba, kisha pangusa uchafu mweusi kwenye kitambaa cheupe kilicholowa. Ukigeuka mwekundu, hiyo ni damu, kwa hiyo viroboto wapo.

Unapomwogesha mbwa, tangulia kupaka povu la sabuni shingoni ili viroboto wasikimbilie masikioni na machoni. Acha povu dakika tano hadi kumi, kisha suuza. Watoto wa mbwa na wa paka watumie chanuo na maji ya vuguvugu tu hadi mtaalamu aseme vingine. Viroboto wengi wanaweza kuwamaliza damu.

Afisa mifugo wa kata anaweza kukuelekeza dawa inayolingana na uzito wa mnyama. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa ni nafasi nzuri ya kumuuliza. Umwambie pia kama nyumbani kuna paka, hata kama dawa unayotaka ni ya mbwa.

Mtoto mwenye vipele vilivyotunga usaha au homa apelekwe kituo cha afya. Vivyo hivyo ukiona kwenye choo chake vitu vyeupe mfano wa punje za mchele: mtoto anayemeza kiroboto kwa bahati mbaya anaweza kupata minyoo tegu.

Kazi hii huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi mitatu. Kujua kama imekwisha, vaa soksi nyeupe ndefu utembee polepole chumba hadi chumba, uvunguni usipasahau. Soksi zikitoka safi wiki tatu mfululizo, mbwa anaweza kurudi mlangoni pake. Ile chupa ya dawa ya pamba isirudi uvunguni: ikae nje ya nyumba ya kulala, kwenye chombo chake chenye lebo, imefungiwa mahali mtoto asipofika.