Kipaji Kiko, Jina Langu Liko Wapi?

Kila wiki kuna mtu ananitumia klipu ya jamaa amesimama mbele ya basi jekundu la London akisema viza ya kipaji haitaki digrii. Wananitumia mimi makusudi, kwa sababu wanajua niliacha chuo mwaka wa pili. "Buda, hii ni yako." Basi nimekaa chini nikasoma hayo masharti mwenyewe. Leo niwaambie kile jamaa wa basi hasemi.

Ni kweli, digrii si lazima. Global Talent ya Uingereza haikudai cheti cha chuo wala mwajiri. O-1 ya Marekani inataka mwajiri au wakala wa huko akuombee, lakini haina sharti la digrii. Ujerumani nayo, tangu Novemba 2023, mtu wa IT asiye na digrii anaweza kupata Blue Card akiwa na ofa ya kazi yenye mshahara unaofika kiwango chao, na uzoefu wa angalau miaka 3 ndani ya 7 iliyopita. Milango iko.

Shida ni kwamba kila mlango una soja, na huyo soja hataki hadithi. Anataka karatasi. Uingereza, ukipitia upande wa teknolojia, utaombwa barua 3 za watu wanaotambulika kwenye fani yako, na ushahidi wa kazi zako juu yake. O-1 ya watu wa sayansi na biashara ina vigezo 8, na kama huna tuzo kubwa ya kimataifa lazima utimize angalau 3: vyombo vya habari vimekuandika, ulishika nafasi muhimu kwenye kampuni yenye sifa, unalipwa vizuri kuliko wenzako, na kadhalika.

Sasa tuulizane hapa nyumbani. Kijana wa Kenya atatoa wapi hizo karatasi?

Nianze na mimi. Nikiwa chuo nililipa kodi ya nyumba kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha. Sijivunii. Nilikesha, nikaandika, jina la mtu mwingine likakaa juu. Wao walipeleka alama nyumbani, mimi karo ikanishinda. Halafu Mei 2022 Uingereza ikafungua viza nyingine, High Potential Individual, ya waliohitimu vyuo vinavyoongoza duniani nje ya Uingereza. Orodha ya kwanza haikuwa na chuo hata kimoja cha Afrika. Yaani hata ningemaliza, huo mlango haukuwa wangu. Lakini aliyenunua insha zangu, nani ajuaye, pengine aliupita.

Nikaingia kuhariri video. Kuna kampuni moja hapa Nairobi niliifanyia kazi miezi 8. Mkataba hakuna. Pesa inaingia M-Pesa kutoka kwa namba ya mtu binafsi. Nilipoomba waweke jina langu mwishoni mwa tangazo, au wanipe tu barua ya mistari mitano, nikajibiwa: "Kijana, shukuru unalipwa."

Hapo ndipo hasira yangu iko. Tunapenda kusema wazungu wametubania viza, na kubana wamebana kweli. Lakini barua yangu haikunyimwa na balozi yeyote. Imenyimwa na bosi Mkenya, kwa kazi iliyomwingizia pesa. Kumnyima mtu jina kwenye kazi yake ni wizi, na kinachoibwa ni kesho yake.

Sheria iko. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi anapoondoka, isipokuwa kama hajafikisha wiki 4 mfululizo. Ndiyo maana wanatuita frilansa. Unaripoti saa mbili asubuhi, unagombezwa ukichelewa, lakini siku ya karatasi wewe si mfanyakazi.

Na serikali? Septemba 2024 ilitia sahihi makubaliano ya uhamiaji wa kazi na Ujerumani pale Berlin, tukapiga makofi. Sawa. Lakini yatamsaidiaje fundi ambaye miaka mitano ya jasho lake Industrial Area haina hata karatasi moja? Kabla ya kutupeleka majuu, lazimisheni waajiri wa hapa watuandike.

Wewe uliye tayari kuuza shamba la mama ili ajenti akutafutie "viza ya kipaji", tulia kwanza. Ajenti anaweza kukujazia fomu. Hawezi kukupa jina ambalo hukuwahi kuandikwa. Anza leo: kabla ya kutuma faili la mwisho, dai jina lako kwenye kazi. Dai barua mteja akiwa bado anakuhitaji, maana akishalipa hakujui. Hifadhi kila ankara, kila barua pepe, kila tarehe.

Mtaniuliza, kwani unataka kuhama? Sijui bado. Nampenda mamangu na napenda hii Nairobi na kelele zake. Ila nikibaki, nataka iwe nimeamua kubaki. Nisibaki kwa sababu mtu fulani aliona uchungu kuandika mistari mitano.