Wimbo wa Marafa una mtunzi

Kuna neno linalosemwa na watu wema, walimu wa muziki na waongozaji kwaya, nalo hunichoma kila nikilisikia: ati nyimbo za asili hazina mwenyewe. Kijana aliyehitimu juzi anachukua wimbo wa Kigiriama, anaugawia fidla na tarumbeta, mwenzake anashika kijiti mbele ya okestra Nairobi, ukumbi unasimama kupiga makofi. Fungua kijitabu cha tamasha: "Wimbo wa asili, umepangwa na fulani." Fulani ana jina. Aliyeutunga kageuzwa asili, kama mto au mbuyu.

Njoo Marafa. Wageni wakisikia Marafa huwaza korongo la Nyari, wakapiga picha wakarudi Malindi. Wakae mpaka usiku penye matanga, wasikie mwanzele, ngoma ya Wagiriama. Kiongozi anaanza na jina la marehemu, anataja ukoo, anamchomekea jirani neno lake, na ubeti ambao jana haukuwapo unapokelewa na watu wazima kwa vijana. Kayamba zikikimbia mbele ya ngoma, anazirudisha kwa bega tu. Huyo katunga, na huyo huyo anaongoza. Hajaandika nota, basi. Na waliokuwapo wanajua wimbo ule ni wa nani.

Hata wimbo wetu wa taifa la Kenya ulitengenezwa na tume ya watu watano, kuelekea uhuru wa 1963: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya, Washington Omondi, na Thomas Kalume wa pwani yetu hii, mchungaji aliyekuja kuwa mbunge wa Malindi Kaskazini. Sauti ya wimbo huo waliitoa katika bembezi la Wapokomo wa Mto Tana. Nawaheshimu wote watano. Lakini kuna mtu aliyeimba sauti ile kwanza, mtoto akiwa mgongoni, na huyo hatukumtafuta kwa bidii tuliyowatafutia wengine sifa.

Nitajibiwa kwamba wimbo uliopita vinywa vya vizazi hauna mtunzi mmoja. Kwa baadhi, nakubali. Ngoma ya kifudu aliyoicheza Mekatilili wa Menza mwaka 1913 akiwaamsha Wagiriama dhidi ya Waingereza, nani ataidai leo? Ila nyimbo nyingi zinazobebwa sasa watunzi wake wako hai, wana simu, na boma lao ukiuliza dukani unaonyeshwa. Mtunzi Béla Bartók alizunguka vijiji vya Hungaria tangu miaka ya 1900 na mashine ya kunasia sauti, akiandika jina la mwimbaji, umri wake na kijiji chake. Sisi wenye simu mkononi tunashindwa na nini?

Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Inataka jamii iombwe ridhaa na chanzo kitajwe. Haikuandikwa kwa ajili ya miti shamba peke yake.

Sipigani na okestra. Watoto wa mtaa wa Korogocho, Nairobi, walioanza kufundishwa fidla na tarumbeta na mradi wa Ghetto Classics mwaka 2008 wamenipa furaha kubwa, na nataka watunzi wetu vijana wasikike mbali. Kwa hiyo nawaambia: kabla ya kuandika nota moja, kesha Marafa. Uliza jina. Omba ruhusa, lipa, mlete mwenye wimbo akae safu ya mbele. Na kijitabuni jina lake lichapwe kwa herufi zile zile, ukubwa ule ule, juu ya lako.