Pangaboi Kubwa: Nani Achague?



Yeyote aliyepata kushusha magunia katika godauni za Kisumu saa nane mchana anaijua hali yake. Mji wetu uko juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 1,100, lakini umekaa chini, kando ya Ghuba ya Winam, na joto la mchana hufika nyuzi 29 au 30 karibu kila mwezi wa mwaka. Hewa nayo imebeba unyevu wa ziwa. Hayo ni ya nje, kivulini. Ndani, chini ya mabati yaliyopigwa na jua tangu asubuhi, ni jambo jingine kabisa: bati hutupa joto lake chini kama jiko lililogeuzwa, na jasho halikauki mwilini.

Sasa imefika habari ya pangaboi kubwa za viwandani. Kubwa zaidi hufika upana wa mita 7 na zaidi kutoka ncha hadi ncha, nazo huzunguka polepole. Sisi hatuzipingi, na tajiri atakayeleta pangaboi nzuri tutamshukuru. Tunalolipinga ni kuchaguliwa ofisini, katika kitabu cha picha, na mtu ambaye hashindi chini ya mabati.

Jina lenyewe lina historia yake. Zamani panka ilikuwa kitambaa kikubwa kilichotundikwa darini, na aliyekivuta kwa kamba alikuwa mtumishi, yaani boi. Bwana alipepewa, mtumishi akatoka jasho. Na hizi kubwa za leo zilipoanza huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, zilitengenezwa kwanza kwa ajili ya mabanda ya ng'ombe wa maziwa, maana ng'ombe akiona joto maziwa hupungua. Ng'ombe alifikiriwa kabla ya mpagazi. Haidhuru, zamu yetu nayo imefika.

Yafaa kila mwanachama ajue jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, ili asidanganywe. Pangaboi haipoozi hewa hata kidogo. Husukuma hewa nyingi kwenda chini, ikafika sakafuni, ikatawanyika pande zote hadi ukutani, kisha ikapanda tena. Mfanyakazi huona nafuu kwa sababu upepo huo hukausha jasho lake. Basi penye hewa ya moto sana, kama karibu na tanuri au boila, upepo peke yake hausaidii. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba joto likifika nyuzi 40 feni isitumiwe, maana badala ya kumpooza mtu humwongezea joto. Mahali kama hapo dawa ni kuzuia moto wenyewe kwa ukuta au ngao, maji ya kunywa, na mapumziko ya mara kwa mara.

Tena pangaboi hailetei godauni hewa mpya. Huizungusha ile ile iliyomo. Kama madirisha yamezibwa kwa shehena na paa halina matundu ya kutolea moto, mtazungushiwa joto lenu wenyewe kutoka asubuhi hadi jioni. Hapa kwetu Mungu ametupa upepo bure: mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hurudi. Tajiri afungue kwanza ukuta ulioelekea ziwa na kileleni mwa paa, ndipo anunue mashine. Gharama ya matundu ni ndogo, na hayana bili ya umeme.

Akishafika kwenye kununua, upana wa mabawa usimtie wazimu. Aulize: upepo una nguvu gani pale anaposimama mtu, si pale katikati tu? Magunia yakipangwa juu, upepo hugonga rundo na kurudi, na walio nyuma yake hawapati kitu. Mara nyingine mbili za kadiri hushinda moja kubwa. Kuhusu umeme, pangaboi kubwa yenye kwenda polepole hutumia kidogo: yapata kilowati moja au moja na nusu. Mwendo ukipunguzwa hadi nusu, hewa hupungua nusu, lakini nguvu inayotumika hushuka hadi sehemu moja ya nane. Kwa hiyo yule anayesema umeme utammaliza aonyeshe hesabu yake.

Halafu paa. Mashine hizi huweza kupita kilo 100, na godauni zetu nyingine ni za zamani. Mhandisi apande akague chuma, na kamba ya chuma ya akiba ifungwe ili ikikatika isimwangukie mtu. Mabawa yawe mbali na njia ya foklifti iliyoinua mzigo. Taa zisiwekwe juu ya mabawa, kwa kuwa mwanga hukatikakatika na kumchosha mtu macho. Kengele ya moto ikilia, isimame yenyewe. Na zile zenye giaboksi huweza kudondosha mafuta. Juu ya unga wa ugali hilo halifai.

Wenzetu wa vinu vya unga tunawaonya zaidi. Upepo hauondoi vumbi, hulipeperusha. Vumbi la unga likijaa hewani na kupata cheche hulipuka, na likiingia kifuani kila siku huleta maradhi. Huko inatakiwa mashine ya kulivuta vumbi pale linapotokea. Msikubali pangaboi badala yake.

Haya si maombi ya hisani. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye kiwanda aweke njia ya kupitisha hewa safi katika kila chumba cha kazi, na penye watu 20 au zaidi iwepo kamati ya usalama yenye wajumbe wa pande zote mbili. Basi kamati ndiyo mahali pa kuchagulia pangaboi, kabla tajiri hajatia sahihi ya ununuzi. Na isiwe kisingizio cha kuahirisha nyongeza ya mshahara. Hayo ni mazungumzo mawili mbalimbali.

Neno moja limebaki, nalo ni swichi. Tunaijua godauni moja ambamo feni zilikuwapo, lakini ufunguo wa swichi ulikaa ofisini, na ofisi ilifungwa saa kumi na moja jioni. Zamu ya usiku ikapakia lori huku feni zimelala juu ya vichwa vyao. Swichi iwe ukutani, mkono wa kuli uifikie, na jambo hilo liandikwe katika mapatano.